Kiswahili cha Bwana Misitu: Lugha ya Kazi katika Misitu ya Umma

Walimu wa Kiswahili tumezoea kujadili Kiswahili cha mahakamani, cha hospitalini na cha utalii. Makala haya yanahusu mahali ambapo wengi wetu hatufiki, nako ni kituo cha misitu. Idara iliombwa kuandaa kozi fupi ya Kiswahili kwa vijana wa Uganda waliomaliza stashahada ya misitu na ambao wangepangiwa vituo mbalimbali nchini. Kazi hiyo nilikabidhiwa mimi. Nikafanya kama nilivyofunzwa nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili: nikafungua kamusi, nikakusanya istilahi mia mbili, nikazipanga kialfabeti, nikaingia darasani. Orodha ilikuwa safi kabisa, lakini haikumsaidia mtu.

Baada ya wiki mbili niliomba kufuatana na wanafunzi wangu hadi kwenye kituo kimoja kandokando ya msitu wa Budongo, wilayani Masindi, nikakaa huko siku tano. Niliyoyaona ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa, kwa sababu naamini yanawahusu wote wanaofundisha Kiswahili kwa malengo maalumu, na pia wanafunzi wetu wanaouliza kila mwaka watafanya kazi gani na lugha hii.

Siku ya bwana misitu

Tukisikia "bwana misitu" wengi tunamfikiria mtu aliyevaa sare ya kijani anayetembea peke yake chini ya miti. Kwa hakika kutembea kupo, lakini kuwa peke yake ni nadra. Siku inaanza kabla ya saa moja asubuhi kwa kuita majina. Nani amefika, nani anaumwa, nani amekwenda matangani. Kisha kazi zinagawanywa: hawa kitaluni kujaza udongo kwenye viriba, hawa kupalilia miche ya msimu uliopita, hawa kufyeka mpaka, hawa doria. Msimamizi mmoja anaweza kuwa na wasaidizi wachache wenye cheti, askari wa doria wachache, nyapara wawili watatu, na chini yao vibarua ambao idadi yao hupanda na kushuka kufuatana na mvua.

Vibarua ndio wengi, nao aghalabu hulipwa kwa kipande. Hapa tayari pana somo la lugha. Kipande kwa maana ya kawaida ni sehemu ya kitu. Katika kazi za mashamba ni kiasi cha kazi anachopimiwa mtu kwa siku, mathalani mistari kadhaa ya kupalilia; akimaliza anakwenda zake. Wakenya nao wanakumbuka kipande kilichokuwa kitambulisho cha kazi ambacho Mwafrika alilazimishwa kukivaa shingoni wakati wa ukoloni. Nchini Uganda kazi ya namna hii ya kutwa inaitwa pia leja leja, neno ambalo naona ni ndugu wa "rejareja" yetu ya dukani. Kijana wa diploma asiyejua kuwa kipande kwa kibarua maana yake ni makubaliano, na kwamba hakiongezwi saa nne asubuhi kwa sababu mkubwa ameona watu wamemaliza mapema, atapoteza kikosi chake kabla ya mwisho wa mwezi. Nyapara anaweza kuzungumza naye kuhusu jambo hilo kwa upole, lakini atalisema kwa Kiswahili, na kijana asipolielewa atadhani watu ni wavivu.

Mwaka wa kazi unafuata mvua. Katika sehemu kubwa ya Uganda miche hupandwa katika misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Kwenye mashamba ya misonobari miche hupandwa kwa nafasi, tuseme mita 3 kwa 3, yaani miche 1,111 kwa hekta. Baadaye inapaliliwa, inapogolewa matawi ya chini ili mbao zisiwe na mafundo, kisha inapunguzwa kwa awamu ili iliyobaki inenepe. Mti unaovunwa hutokea umekuzwa na msimamizi wa tatu au wa nne tangu yule aliyeupanda, maana watumishi huhamishwa na miti haihamishwi.

Kiangazi ni moto. Kuanzia Desemba hadi Februari bwana misitu halali vizuri. Njia za kuzuia moto lazima ziwe zimefyekwa na kupaliliwa mapema, zikabaki udongo mtupu. Lakini njia ya moto hupunguza hasara tu. Moto wenyewe huwashwa na mtu: mwindaji, mchungaji anayetaka majani mapya, mrina asali aliyeangusha kijinga chake, mkulima aliyechoma mabua upepo ukageuka. Kwa hiyo kazi kubwa ya kuzuia moto hufanyika mwezi wa Novemba, kwa mdomo, katika vijiji vinavyouzunguka msitu. Sikuwa na neno hata moja la kazi hiyo katika orodha yangu ya istilahi mia mbili.

Kwa nini Kiswahili, na kwa nini Budongo?

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini kijana wa Uganda ahitaji Kiswahili msituni wakati kila eneo lina lugha yake. Jibu liko katika historia ya kazi. Budongo ni hifadhi ya takriban kilomita za mraba 825, iliyotangazwa mwaka 1932, na ina sifa ya mikangazi, ile miti ya mbao nyekundu ambayo Waingereza waliitafuta sana. Viwanda vya kupasulia mbao vya enzi hizo vilihitaji watu wengi, nao walikuja kutoka mbali: Waaluri na Walugbara kutoka upande wa Mto Nile wa magharibi, Waacholi, watu wa Kongo, wakiungana na Wanyoro wenyeji. Lugha zao zimetoka katika familia tofauti kabisa. Waliokutana kwenye gogo moja walizungumza Kiswahili, na watoto wao na wajukuu wao katika vijiji vya pembezoni wanaendelea nacho, sokoni na kazini, kikiwa kimepungua viambishi vingi njiani.

Hata hivyo, Kiswahili hicho kina kivuli. Wengi nchini Uganda walikijua kwanza kama lugha ya askari. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na waliokuwa hai wakati huo hawakumbuki tamko hilo kama wanavyokumbuka sauti iliyowaamrisha walale chini kizuizini. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawekwa kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha hatua za kukitekeleza na kukifundisha shuleni. Sheria imesonga mbele, lakini masikio ya watu hayajasahau. Bwana misitu amevaa sare, anafuatana na askari wa doria, na anafungua mdomo kwa Kiswahili. Mama aliyeinama akiokota kuni hatasikia somo la mazingira. Atasikia kizuizi cha barabarani.

Ndiyo maana siku ya pili nilipomsikia mwanafunzi wangu mmoja, kijana mpole sana darasani, akimwambia mwanamke wa umri wa mama yake "Simama! Weka chini! Toa jina!" nilijua kosa ni langu. Nilikuwa nimefundisha hali ya kuamrisha katika wiki ya kwanza kwa sababu ni rahisi: ondoa kiambishi, tumia mzizi. Dhamira tegemezi, yaani "usimame", "uweke", "tuone", niliiacha hadi wiki ya sita kwa sababu ni ngumu. Katika kazi yake mpangilio huo ulikuwa kinyume. Amri tupu anaihitaji mara chache sana, mti unapoanguka au moto unaporuka njia. Kwa mambo mengine yote ya kutwa anahitaji "mama, tusaidiane tuangalie mzigo huu".

Na salamu zake je? "Shikamoo" ni nzuri Dar es Salaam, lakini kwa mzee wa Kinyoro haina uzito wowote. Huyo ana empaako, lile jina la heshima kama Amooti, Akiiki, Abwooli au Atwooki, ambalo kila Mnyoro amepewa, na ambalo UNESCO iliingiza utamaduni wake mwaka 2013 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Nyapara wa kituo kile, Mwaluri, huwauliza wazee wa Kinyoro empaako yao kwanza, kisha ndipo anahamia Kiswahili. Baada ya hapo Kiswahili kinapoteza bunduki yake. Niliandika jambo hilo katika daftari langu kuliko nilivyoandika istilahi yoyote ya siku hiyo.

Ule na ile

Wapo wenzetu wanaodai kuwa katika Kiswahili cha kazini upatanisho wa ngeli ni pambo la wasomi. Nilikuwa karibu kuwaamini. Siku ya tatu nilibadili mawazo.

Kikosi kilikuwa katika shamba la misonobari, kinapunguza miti. Katika kupunguza, miti inayoondolewa au inayobaki huwekwa alama ya rangi. Sehemu nyingine rangi ina maana ya "kata", sehemu nyingine ina maana ya "acha". Msaidizi mmoja alikuwa ametoka kituo chenye desturi ya pili. Alisimama mbele ya mti wenye rangi, na nyuma yake kulikuwa na mitatu isiyo na rangi, akasema kwa Kiswahili cha huko: "Kata miti ile." Katika usemi wa wengi hapo, "miti ile" ni mti mmoja na pia ni miti mingi. Mwenye msumeno akaukata ule wenye rangi, ambao ulikuwa ubaki. Ulikuwa mnyoofu kuliko yote katika mstari.

Hasara ya mti mmoja wa msonobari si kubwa, na wote walicheka. Lakini hebu tuihamishe sentensi hiyo hadi ndani ya msitu wa asili, ambako mti mmoja wa mkangazi unaachwa makusudi uwe mti wa mbegu kwa eneo zima. "Kata ule" na "kata ile" zinatofautiana kwa irabu moja, na anayeisikia amevaa kofia ngumu na msumeno unanguruma. Jioni ile tulikubaliana kituoni, mwalimu na nyapara pamoja, kwamba mtoaji wa amri aguse mti kwa mkono na kutaja idadi: "huu, mmoja" au "hii, mitatu". Upatanisho ukapata kazi ya kufanya, na nyapara akawa anausahihisha kuliko mimi.

Usalama una Kiswahili chake. Kanuni ya kawaida ya ukataji ni kwamba asiyehusika na mti unaokatwa akae mbali kwa angalau urefu wa miti miwili. Mti ukiwa wa mita 30, basi mita 60. Mkataji huandaa njia ya kukimbilia, ya nyuma kwa mshazari, kabla hajaanza kukata. Mti ukianza kulia anapaza sauti. Katika orodha yangu niliandika tangazo zuri, "Tahadhari, mti unaanguka!" Tatizo la kwanza ni urefu: ukifika kwenye kitenzi mti umeshafika chini. La pili walimu wa sarufi mtalifurahia: "unaanguka" peke yake inaweza kuwa mti, inaweza kuwa wewe. Wenyewe huita tu "Mti! Mti!" na kila mtu anainua kichwa. Nimeifuta sentensi yangu.

Kuna jozi nyingine iliyonigharimu usiku mmoja wa kusoma. Mti uliosimama hupimwa kwenye kimo cha kifua, ambacho kwa makubaliano ni mita 1.3 kutoka ardhini, ili kila mpimaji apime mahali pamoja. Wengine wana kifaa kinachosoma kipenyo moja kwa moja, wengine wana utepe wa kawaida unaotoa mzingo. Katika orodha nilikuwa nimeandika maneno yote mawili kama visawe vya "unene". Mti wenye mzingo wa sentimita 157 una kipenyo cha sentimita 50 tu. Karani akiandika 157 katika safu ya kipenyo, eneo la duara la gogo linakua karibu mara kumi, na ujazo wa mbao hivyo hivyo. Kosa la upande wa pili, la kudhani kipenyo ni mzingo, linaufanya mkangazi mkubwa usomeke kama mti mwembamba, na serikali kulipwa sehemu ndogo ya stahili yake. Kama kosa hilo ni la lugha au la makusudi, mkaguzi hawezi kujua. Mtu mwaminifu asiyejua tofauti ya maneno mawili anafanana kabisa na mwizi.

Kwa wanafunzi wa Tanzania haya yanaweza kuonekana madogo, kwani kwao istilahi za misitu zimezoeleka: msitu wa hifadhi, meta za ujazo, kupogolea, kupunguzia, nyundo ya kugonga alama kwenye magogo. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inafahamika nchini humo kwa Kiswahili hadi vijijini, na Chuo cha Misitu cha Olmotonyi kimetoa vizazi vya watumishi wanaozitumia. Nimeazima kwao bila aibu. Lakini si kila neno linavuka mpaka salama. Kijana mmoja wa Kisoro, ambaye lugha ya kwao ni Kifumbira, alitafsiri "shamba la miti" kuwa msitu wa asili. Nilimwona amekosea hadi nilipokumbuka kuwa kwao, kama ilivyo kwa majirani wa Rwanda, ishyamba ndiyo msitu wenyewe. Neno moja, kwa Mswahili ni mahali palipolimwa, kwa Mfumbira ni mahali pasipolimwa. Nchini Kenya neno hilo hilo liliingia katika Kiingereza cha wataalamu wa misitu, ambako utaratibu wa kumruhusu mkulima apande mahindi au viazi katikati ya miche ya serikali huku akiipalilia uliitwa kwa jina la shamba. Utaratibu huo umepigwa marufuku na kurudishwa kwa sura mpya zaidi ya mara moja, kwa kuwa mkulima hushawishika kuchelewesha miche ikue ili naye aendelee kulima. Kwa jina hilo mkulima aliona shamba, serikali ikaona msitu, na wote wawili walikuwa na haki kwa mujibu wa neno.

Majina ya miti ni faraja. Mvule ni mvule kuanzia pwani hadi Uganda, ingawa Waganda wanauita muvule. Msizi ni musizi. Huu nao una kisa chake: Uganda ni mti wa kwao, unakua upesi na hauna ubaya, lakini ulipopelekwa Usambara ya Mashariki ulitawanyika hadi ukawa kero katika msitu wa asili wa Amani.

Msitu ni wa nani?

Sasa nifike kwenye neno ambalo bwana misitu hulitumia kila siku bila kulipima. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 237, inasema serikali inashikilia misitu ya hifadhi kwa niaba ya wananchi wote na kwa manufaa yao. Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 inarudia wazo hilo hilo. Kisheria, basi, ni msitu wa umma. Lakini kijijini hutasikia hivyo. Kwa Kiganda utasikia kibira kya gavumenti, na kwa Kiswahili "msitu wa serikali", na wanafunzi wangu wote, watumishi watarajiwa, walisema hivyo pia. Msitu wa serikali ukiungua, ni hasara ya serikali. Mwizi wa msitu wa serikali amemwibia mtu asiye na uso.

Aprili 2007 palitokea maandamano makubwa Kampala dhidi ya mpango wa kutoa karibu hekta 7,100 za msitu wa Mabira zilimwe miwa. Watu walipoteza maisha, na mpango ukasimamishwa baadaye mwaka huo. Waandamanaji wengi walikuwa wa mjini. Siku zile msitu ulikuwa "wetu" katika midomo ya watu ambao hawakuwahi kulala karibu nao. Kiwakilishi hicho ndicho bwana misitu anachokitafuta kwa wale wanaolala karibu nao kila siku, na ni vigumu kukipata wakati wewe mwenyewe unasema "wa serikali".

Sheria hiyo ya 2003 ina kifungu ambacho kila mtumishi anapaswa kukijua kwa Kiswahili sanifu na kwa Kiswahili cha kijijini. Kinamruhusu mwanajamii wa eneo hilo kukata na kuchukua bure, kwa matumizi ya nyumbani na kwa kiasi cha wastani, kuni kavu na mianzi katika msitu wa hifadhi, ilimradi mpango wa usimamizi wa msitu haukatazi. Mama yule aliyeamriwa asimame alikuwa na mzigo wa kuni kavu. Alikuwa ndani ya haki yake. Askari wa doria hakujua kuieleza haki hiyo, mwanafunzi wangu hakujua kuiuliza, na mama hakujua anayo. Wote watatu walikuwa wanajua neno "marufuku".

Bila shaka "kavu" nayo ina ujanja wake. Mti ukibambuliwa gome kuzunguka shina mwaka huu, mwaka ujao ni mkavu. Kwa hiyo mazungumzo hayawezi kuishia kwenye kivumishi. Inabidi mtumishi aweze kuuliza, bila kutuhumu, "mti huu ulikauka lini, na ulikaukaje?" Hapo ndipo njeo na viambishi vya maswali vinapolipa ada ya kozi.

Siku ya nne nilihudhuria mkutano chini ya mwembe. Ajenda ilikuwa mpaka. Kuna familia zimelima ndani ya hifadhi kwa miaka, na baadhi ya mawe ya mpaka hayaonekani tena. Afisa aliyefungua mkutano alisoma karatasi yake vizuri hadi alipotamka "wavamizi". Mzee mmoja akainuka, akajipangusa vumbi, akaondoka, na safu nzima ya nyuma ikamfuata. Katika taarifa ya ofisini "wavamizi" ni istilahi ya kiutawala, tafsiri ya kawaida. Chini ya mwembe ni neno la vita. Yupo aliyezaliwa pale pale panapobishaniwa, na unamwambia amevamia. Nyapara aliwafuata nyuma ya nyumba, wakazungumza karibu saa nzima, wakarudi. Alichowaambia sikukisikia, ila waliporudi yeye alisema "waliomo ndani ya mpaka", na afisa naye, nikamsifu kimoyomoyo, akalichukua neno hilo hadi mwisho. Hakuna aliyeambiwa kuwa mashamba yatabaki. Walikubaliana tu kwamba wazee wanne watatembea na wapimaji kuyatafuta mawe.

Niongeze jambo juu ya maneno yanayohukumu kabla ya mtu kuangalia. Katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wa Budongo waliupa sumu mti uitwao muhimbi, mti mgumu kama chuma uliokuwa mwingi sana, ili mikangazi ipate nafasi. Katika lugha yao ulikuwa gugu. Leo mbao za muhimbi zinathaminiwa kwa sakafu, na sokwe wa Budongo, ambao wamechunguzwa mfululizo na watafiti tangu mwaka 1990, hula mbegu zake. Mti haukubadilika.

Suala la "bwana"

Wasichana watatu wa darasa langu waliuliza wao wataitwaje. Tanzania wanasema bwana shamba na bibi shamba, hivyo bibi misitu inawezekana, lakini walioisikia walicheka, kwani nchini Uganda "bibi" ni mke wa mtu. Barua rasmi zina "afisa misitu", ambalo halina jinsia. Kituoni, hata hivyo, mkuu wa zamani aliyekuwa mwanamke bado anakumbukwa na vibarua kwa jina la "mama misitu", na wanalitaja pamoja na kumbukumbu kwamba mishahara ilichelewa wakati wake kama wakati wa wengine, lakini yeye alikuja mwenyewe kuwaambia.

Kozi imepangwa upya. Orodha ya istilahi imebaki na maneno themanini, na imehamia mwisho wa kijitabu. Wiki ya kwanza sasa ni salamu, dhamira tegemezi na maswali. Wiki ya pili tunakwenda nje, kwenye mikaratusi iliyo nyuma ya bweni, na rangi ya chaki na utepe wa fundi cherehani. Mmoja anatoa amri, mwenzake anatekeleza akiwa ameziba sikio moja, na wa tatu anaandika mzingo na kipenyo. Wenzangu wa idara ambao wangependa kusaidia kusimamia zoezi hilo waniarifu kabla ya kiangazi, kwa sababu kuanzia Desemba wakufunzi wa misitu watakuwa kwenye njia za moto na hatutawapata.